Namna Tulivyotengeneza Saladi ya Mashu



Ndani ya gazeti letu hili mmezoea kusoma habari za mpira, za kwaya na za mitihani. Leo sisi, wanafunzi saba wa sehemu ya pedagojia, tunaomba ruhusa ya kuandika habari za jikoni. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho. Halafu kama sababu ya kucheka ingali iko, mcheke.

Neno lenyewe ni saladi ya mashu. Mashu ndiyo yale majani yaliyojifunga kama kichwa, ambayo watu wa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, wanayaita kabichi. Sisi hapa Kalemie tumezoea kuyala yakiwa yamepikwa na nyanya na mafuta ya mawese mpaka yamelegea kabisa. Sisi saba tulitaka kuyala mabichi, yenye kulia ndani ya meno. Ni neno dogo. Lakini lilitufikisha mahali ambapo hatukufikiri kufika, ndiyo sababu tunaandika.

MWANZO WA MAMBO

Ninyi wa enternati mnajua chakula chetu: bugali na maharagi, bugali na ndagala, bugali na sombe, kisha tunaanza tena na bugali na maharagi. Hatunung'uniki. Tunajua bei ya unga. Tena kati yetu wako wenzetu ambao wazazi wao walikimbia vita, wakafika Kalemie mikono mitupu. Sahani ya maharagi ni baraka.

Lakini mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha somo la vitamini. Alisema kwamba mwili wa mtu hauwezi kutengeneza vitamini C wenyewe, wala hauwezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Lazima kuila. Inapatikana ndani ya matunda na mboga mbichi. Gramu 100 za mashu mabichi ziko na miligramu 36 hivi. Ukiyapika saa nzima, sehemu kubwa inaharibika kwa moto, na nyingine inatoroka ndani ya maji ya kupikia. Mtu akiikosa miezi mingi, fizi zake zinatoka damu na vidonda vyake havitaki kupona. Ugonjwa ule uliua mabaharia wengi sana zamani.

Hapo mwalimu alituhadithia habari ya Kapteni James Cook, Mwingereza aliyeondoka na merikebu Endeavour mwaka 1768. Alichukua mapipa ya mashu yaliyochachishwa na chumvi. Mabaharia wake hawakuyataka. Kapteni hakuwapiga wala hakuwalazimisha. Aliamuru tu yatayarishwe kila siku kwa meza ya wakubwa, na watu wa chini wachague wenyewe, wale ao waache. Walipoona wakubwa wanakula, juma halikuisha, wote wakayataka, hata ikabidi kuyapima ili yaenee.

Darasa lilicheka. Lakini sisi saba tulibaki na wazo. Siku ya wazazi ilikuwa karibu, mwezi wa sita, kiangazi kimekwisha kuanza. Tukasema: mwaka huu wazazi wetu hawatakula bugali na maharagi peke yake. Watakula pia saladi ya mashu, na sisi ndio tutaitengeneza.

TULIVYOKATALIWA

Kuingia jikoni hakuwezekani bila Mama wa jikoni. Bwana prefe anaongoza shule, lakini jiko linaongozwa na Mama. Tulimkuta ameketi mbele ya mlango, anachagua mawe ndani ya maharagi. Tulimsalimu kwa heshima, tukaketi chini, tukamsaidia kuchagua, maana mwenye kuomba lazima mikono yake ifanye kazi. Kisha mmoja wetu akasema:

"Mama, siku ya wazazi tunataka kutengeneza saladi ya mashu. Tutanunua mashu sisi wenyewe. Tunaomba tu visu, mabeseni na nafasi."

Mama hakuinua macho. "Saladi ya kupika?"

"Hapana, Mama. Ya mubichi."

"Apana, batoto bangu. Kitu kibichi hakitatoka ku jiko yangu. Nimekatala."

Tulimweleza mambo ya vitamini. Tulimweleza Kapteni Cook na merikebu yake. Mama alisikiliza yote, vidole vyake vikiendelea na maharagi. Mwisho alisema:

"Ule muzungu alikuwa ku bahari. Miye niko Kalemie."

Tuliondoka na hasira. Tulisema maneno ambayo leo yanatuletea haya: kwamba Mama hakusoma, kwamba wazee wanaogopa kila kitu kipya. Mmoja wetu alitaka twende moja kwa moja kwa Bwana prefe. Afadhali tulipita kwanza kwa mwalimu wa biolojia, tukitumaini kwamba atatutetea.

Mwalimu hakututetea. Alituuliza neno moja: "Mashu yenyewe yanatoka wapi?"

Tukajibu: "Sokoni."

"Na mbele ya soko?"

Tukanyamaza.

"Basi, siku ya posho mwende mtazame. Kisha mrudi mniambie."

TULIVYOONA BUSTANI

Siku ya posho asubuhi tulikwenda kwenye bustani zilizo kando ya kijito kimoja kinachoshuka kwa ziwa. Zilikuwa nzuri kwelikweli. Mashu yamepangwa kwa mistari, kila kichwa kimekaa juu ya tuta lake kama mwanafunzi juu ya benchi. Mwenye bustani, baba mmoja mpole, alitupokea vizuri. Alitueleza kwamba mashu ni mtoto wa baridi. Huku kwetu chini, kando ya ziwa, tuko karibu mita 770 tu juu ya bahari, na joto ni nyingi. Ndiyo maana anayapanda kwa kiangazi, wakati usiku unapoa na mvua haiozeshi majani. Baridi ya kuyafaa zaidi iko juu ya milima, kama kule Marungu upande wa Moba, kunakopita mita 2000.

Kisha baba alichukua ndoo zake mbili akashuka kijitoni kuteka maji. Tulimfuata. Akachota, akapanda, akamwagia mashu kutoka juu, maji yakaingia katikati ya majani.

Tukatazama upande ambao maji yanatokea. Hatua hamsini juu, wamama walikuwa wanafua nguo. Juu yao watoto walikuwa wanaoga. Juu ya watoto kulikuwa na nyumba nyingi, na tulijua, maana baadhi yetu tunakaa mitaa ya namna ile, kwamba nyingi hazina choo. Maji yalikuwa yale yale, kutoka kule mpaka ndani ya ndoo.

Baba yule hana kosa. Hana maji mengine. Alitukatia kichwa kimoja, akatupa bure, tukashukuru. Njiani tulikifungua majani ya juu. Ndani mulikuwa na maji, na udongo kidogo. Tulirudi shuleni bila kuongea sana.

HABARI YA KOLERA

Mwalimu aliposikia, alituketisha akatueleza habari ya kolera, ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita kipindupindu. Mikrobi yake inaingia kwa kinywa, kwa maji ao kwa chakula kilichoguswa na mavi ya mgonjwa. Mtu anahara maji matupu, anatapika, na ndani ya masaa machache anaweza kupoteza maji mengi sana hata moyo ukashindwa. Mashariki ya inchi yetu ugonjwa huu umejulikana tangu mwaka 1978, na miji ya kando ya Ziwa Tanganyika, Kalemie na Uvira, imeuona mara nyingi kuliko mingine. Mwaka 2013 na 2014 watu wengi wa Kalemie walipewa chanjo ya kunywa. Mwaka 2024 ziwa lilipanda sana, likaingia ndani ya nyumba, na ndani ya vyoo pia. Wengi wetu tuliona kwa macho yetu maji ya ziwa na maji ya vyoo kuwa kitu kimoja.

Alituandikisha pia jambo hili, nasi tunaliandika hapa kwa sababu linaweza kuokoa mtu wa nyumbani kwenu. Mtu akianza kuhara maji, msingoje kesho. Muanze kumpa maji haya: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Ampe kidogo kidogo, bila kuacha, hata kama anatapika. Na wakati ule ule mumpeleke kwa waganga, mkiendelea kumnywesha njiani. Maji haya hayaue mikrobi. Yanarudisha kile ambacho mwili unapoteza, ili mtu afike mzima.

Hapo tukaelewa kwamba Mama wa jikoni hakuwa anapigana na vitamini. Tukaenda kuomba msamaha.

Mama alitutazama muda mrefu. Kisha akasema polepole:

"Mutoto wangu wa tatu alikufaka na kolera. Asubui alikuwa anacheza inje. Mangaribi macho yake iliingia ndani. Tulimubeba ku mugongo kwenda kwa baganga. Tulifika, lakini tulichelewa. Mupaka leo sijuwe kama ilikuwa maji, ao kitu alikula. Njo maana, batoto. Hapa niko na batoto ba bantu bengi. Kila mama ananiachia wake."

Hatukuwa na neno la kujibu. Sisi tuliosema kwamba Mama hakusoma, ndio tulikuwa hatujasoma. Tulichagua maharagi pamoja naye mpaka karai likaisha.

MAJI YENYE KUTOKOTA

Ni dada mmoja wa kundi letu, yule asiyesema sana darasani, aliyefungua njia. Alisema: "Mama, na kama mashu ikipita ndani ya maji ya moto, dakika moja tu? Moto unaua mikrobi. Lakini mashu haitakuwa na wakati wa kulegea."

Mama akauliza: "Maji yenye kutokota?"

"Yenye kutokota, Mama."

"Muje kesho. Kichwa moja tu. Tutaona."

Kesho yake tulifanya majaribio, na tulikosea mara mbili. Tunaandika makosa yetu ili ninyi msiyarudie.

Kosa la kwanza: tulikata mashu, tukayaweka ndani ya beseni, tukamwagia birika moja la maji ya moto. Mama akaingiza kijiko, akaonja maji kwa kidole. "Hii ni vuguvugu," akasema. Alikuwa na haki. Mashu ya baridi yalikuwa yamekula moto wote wa maji machache. Mama akaweka sufuria kubwa juu ya moto, akangoja mpaka maji yanaruka, akatumbukiza mashu kidogo kidogo, akangoja tena mpaka maji yakatokota upya, ndipo akahesabu dakika moja akayatoa. Mwalimu wa biolojia, tulipomwambia, alisema kwamba hata yeye asingefanya vizuri zaidi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mashu yalipotoka, yalikuwa ya moto, nasi tulitaka yapoe mbio ili yasilegee. Mmoja wetu akachukua kopo, akachota maji ya ndoo ya kunawia, akanyosha mkono kumwagia juu. Mama alimkamata mkono. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Sasa tulichemusha ya nini?"

Tukatazamana. Kazi yote, kuni zote, na kwa kopo moja tungerudisha ndani yake kile tulichokuwa tumekifukuza. Tangu siku ile, kati yetu sisi saba, mtu akitaka kuharibu mwishoni kazi iliyoanzwa vizuri, tunamwambia: "Sasa tulichemusha ya nini?" Sasa hata ninyi wengine mtajua maana yake.

Mashu tuliyatandaza juu ya sinia safi, tukafunika na kitambaa kilichochemshwa na kupigwa pasi, tukaacha hewa iyapoze. Yalipoa. Tukaonja. Yalilia ndani ya meno.

HABARI YA SOSI

Saladi bila sosi ni majani. Mmoja wetu alikuwa amewahi kula mayonezi mjini, akasema anajua namna inavyofanyika: kiini cha yai bichi, mafuta matone kwa matone, na kupiga bila kuchoka. Mama alishika kiuno. "Yai bichi? Tumerudi kulekule!" Na kweli yai bichi linaweza kubeba mikrobi nyingine, na pahali pasipo na frigo, kwa joto la kwetu, zinazaa upesi. Mayonezi tukaiacha.

Tukajaribu mafuta ya mawese. Yalipopoa yaliganda juu ya majani kama mshumaa. Tukayaacha pia, yabaki kwa sombe ambako ndiyo kwao.

Mwisho tulichukua vitu vinavyojulikana nyumba zote za Kalemie: ndimu, karanga, mafuta ya karanga, chumvi, sukari kidogo, pilipili. Karanga tulizikaanga, tukazitwanga mpaka zikawa kama mafuta mazito. Tukatia vyote ndani ya chupa iliyosuuzwa na maji ya moto, tukafunga, tukatikisa. Mafuta na maji ya ndimu ni kama watu wawili wasiosalimiana: ukiwaacha, kila mmoja anarudi upande wake, mafuta juu, ndimu chini. Karanga zilizotwangwa zinaingia kati yao kama mzee mpatanishi, zinawashika pamoja kwa muda. Ndiyo kazi ile ile ambayo kiini cha yai kinafanya ndani ya mayonezi.

Ndimu nayo iko na faida nyingine. Mikrobi ya kolera haipendi uchungu wa ndimu. Mwalimu alitueleza kwamba katika inchi ya Guinea-Bissau, wakati wa kolera ya miaka ya 1990, waganga walichunguza, wakaona kwamba watu waliotia ndimu ndani ya mchuzi wa wali hawakugonjwa sana kama wasiotia. Lakini alituonya: ndimu ni askari wa kusaidia. Mkubwa wa jeshi ni maji yenye kutokota. Mtu asije akakamua ndimu juu ya mashu machafu akasema amekwisha kujilinda.

NAMNA YA KUFANYA, KWA WATU KUMI

Wengi walituomba kuandika vipimo. Ni hivi:

1. Nawa mikono na sabuni, pamoja na kucha. Ukiwa unahara, usikaribie jiko hata kidogo.

2. Chukua kichwa kimoja cha mashu cha kilo moja na nusu hivi. Toa majani ya juu, gawanya kichwa kwa sehemu nne, osha udongo kati ya majani, kata nyembamba sana. Menya karoti 3 na kitunguu kimoja, kata nyembamba vilevile.

3. Chemsha maji mengi ndani ya sufuria kubwa. Yakitokota, tumbukiza mboga kwa sehemu ndogo. Ngoja maji yatokote tena, hesabu dakika moja, toa. Fanya hivyo na karoti na kitunguu pia.

4. Kisu na ubao uliokatia mboga mbichi, uvioshe na sabuni na kuvimwagia maji yenye kutokota mbele ya kuvitumia tena. Sinia na mabeseni pia.

5. Tandaza mboga juu ya sinia, funika, ziache zipoe zenyewe. Usimwagie maji ya baridi. Zikipoa, nyunyiza kijiko kidogo cha chumvi, ngoja robo ya saa, mwaga maji yatakayotoka. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya majani, na usipoyamwaga, sosi yako itakuwa mchuzi.

6. Sosi: vijiko vikubwa 4 vya maji ya ndimu, 6 vya mafuta ya karanga, 2 vya karanga zilizotwangwa, kijiko kidogo cha sukari, chumvi kidogo, pilipili kwa mapenzi yako. Tikisa chupa kwa nguvu. Ndimu uzioshe mbele ya kuzikata.

7. Changanya kwa kijiko, si kwa mkono. Mkule ndani ya masaa mawili. Inayobaki isilale mpaka kesho.

Mtu atauliza: na vitamini, je, haikupotea ndani ya maji ya moto? Sehemu inapotea, ndiyo. Lakini dakika moja si saa nzima; nyingine inabaki, na ndimu inaongeza yake. Afadhali vitamini pungufu ndani ya mtoto mzima.

SIKU YA WAZAZI

Tulinunua vichwa 14. Tuliamka saa kumi ya usiku, Mama alikuwa amekwisha kuwasha moto mbele yetu. Saa sita mabeseni yalikuwa tayari, yamefunikwa. Mchungaji aliomba kwa ajili ya chakula, akakumbusha habari za Danieli na wenzake kule Babeli, ambao waliomba wapewe mboga na maji tu kwa siku kumi. Tulikuwa tumesikia habari ile tangu shule ya siku ya Mungu, na kila mara tulikuwa tunazikumbuka mboga. Siku ile tuliyasikia maji.

Kisha tukatazamia kufanya kama Kapteni Cook, kuanza na meza ya wakubwa. Tulishika beseni la kwanza tukielekea kwa Bwana prefe na wageni wake. Mama akatusimamisha mlangoni.

"Mulete hapa kwanza."

Akachukua sahani yake mwenyewe, akajipakulia, akala akiwa amesimama, mbele yetu sote, polepole, kijiko kwa kijiko mpaka sahani ikaisha. Sisi tuliojua habari ya mtoto wake wa tatu, tulishindwa kumtazama. Alipomaliza alifuta kinywa, akasema: "Kama ni kugonjwa, nigonjwe wa kwanza. Inakosa munyu."

Tukaongeza chumvi, tukapeleka mezani.

Walikula. Wazazi waliomba kuongezwa. Bwana prefe alikula sahani mbili, ingawa hapendi tuandike hivyo. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alikataa, alisema nyumbani kwao walimkataza vitu vya namna ile. Hatukumlazimisha wala hatukumcheka. Tulimpa ndizi, kitu ambacho mtu anamenya mwenyewe kwa mikono yake aliyoinawa, akafurahi.

Lakini kwa sisi saba siku haikuisha pale. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kolera inaweza kuonekana baada ya masaa machache, ao ikangoja mpaka siku tano. Basi tulihesabu siku tano. Kila asubuhi tulipita chumba kwa chumba tukiuliza: "Mumeamuka vizuri? Hakuna mwenye kuumwa tumbo?" Wenzetu walifikiri tumekuwa wema ghafula. Usiku tulikuwa tunasikiliza milango ya vyoo. Tulielewa kidogo tu, kwa siku tano, mzigo ambao Mama anaubeba kila siku ya masomo, mara tatu kwa siku, na hakuna anayemuuliza kama amelala.

Hakuna aliyegonjwa. Siku ya sita tulikwenda jikoni kumpa Mama habari. Alikuwa ameketi mbele ya mlango, anachagua mawe ndani ya maharagi. Tuliketi tukamsaidia. Hakutuuliza kitu, maana alikuwa anahesabu siku kama sisi. Baadaye, bila kuinua macho, alisema:

"Mashu iko bei gani ku soko sasa?"